Wimbo wa Wote



Kila sherehe kubwa ya parokia inapokaribia hapa Lulimba, kwaya zetu hujiuliza: tuimbe nini? Wenye sauti zilizokomaa hutaka wimbo mgumu utakaowashangaza wageni. Walioingia juzi hunyamaza. Wanajua kwamba wimbo huo ukichaguliwa, watasimama nyuma wakifumbua midomo bila kutoa sauti. Kati yao wamo waliofika kwetu wakikimbia vita vijijini mwao. Kwao, kupata nafasi katika wimbo ni kupata nafasi kati ya watu.

Hatuna okestra, lakini walimu wa fidla, ambayo wengi wetu huiita violoni, wana busara ya kutufaa. Fidla ina nyuzi nne: sol, re, la na mi. Viola na selo zina do, sol, re na la. Nyuzi tatu, basi, ni za wote. Kwa hiyo mwalimu wa wanaoanza hupenda nyimbo za ufunguo wa re, kwa kuwa noti zake kuu, re na la, hulia hata kabla kidole hakijagusa uzi. Huchagua wimbo unaopanda na kushuka hatua kwa hatua, tena huhakikisha kwamba selo nazo zinapata sehemu tamu ya kupiga, zisiachiwe kuunguruma tu.

Je, huko ni kuushusha muziki? Sikilizeni Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824. Wimbo wake wa furaha uko katika re, na karibu wote hutembea juu ya noti tano tu. Wanaouanza ni wapiga selo na besi, sauti za chini kabisa. Wengine huingia baadaye.

Katika nchi yetu wenyewe, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu huko Kinshasa mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache, wanafunzi wakazipokezana. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake. Okestra iliyoanza kwa kugawana hivyo ilifika siku ya kuipiga Simfonia hiyo ya Tisa.

Zaburi ya 33 inatualika kumpigia Bwana kwa ustadi. Ustadi si ugumu: wimbo mwepesi ulioimbwa kwa usafi na umoja humpa Mungu sifa kuliko wimbo mzito uliovunjika njiani. Wala wepesi si ruhusa ya uvivu. Nao wadai mazoezi. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini washiriki, wasiwe watazamaji.

Basi, kabla ya kuchagua, tumsikilize kwanza aliye mchanga kuliko wote: sauti yake hufika wapi juu, na wapi chini? Wimbo wa kwanza uwe wa kumchukua yeye. Wa pili uweza kutuvuta sote hatua moja mbele.

Tujadiliane katika vikundi vyetu: ni nani kati yetu anayefumbua midomo bila kusikika? Tutamchagulia wimbo gani?

Ee Bwana, utufundishe kungojeana, ili sifa yako itoke katika vinywa vyote. Amina.