Udi siyo wa kufukiza tu

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima kijiwe hiki hakijapata kitu kipya. Kwanza UE zilinikaba koo, halafu likizo nikaishia Igogo kwa babu badala ya kukaa kwenye kompyuta. Leo nimerudi na stori moja, tena ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Jumapili iliyopita nimeingia hosteli hapa Malimbe na mzigo mgongoni, nimeufunga kwenye shuka. Una tumbo kama papai lililokatwa katikati. Rumeti wangu akauliza hilo nini. Nikamwambia udi. Akacheka mpaka akakaa chini: "Udi wa kufukiza? Mbona mkubwa hivyo, unafukiza mtaa mzima?" Wala hakukosea sana, maana neno lenyewe ni la Kiarabu, lina maana ya mti au ubao, na ule wa kufukiza nao ni mti. Alipoona nyuzi akaniuliza swali la maana: "Sasa kipi kigumu, hiki au gitaa lako?"

Nikajibu haraka haraka, udi. Usiku nikawa nageuka kitandani, naona kama nimemdanganya. Ngoja nijibu vizuri hapa.

Udi huu ni wa babu yangu mzaa mama. Ni mtu wa Tanga, alikuja Mwanza mwaka 1965 akafanya kazi ya ufundi kwenye meli za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, akaoa huku, hakurudi tena. Kwao alikuwa anapiga udi. Anasema miaka hiyo vijana wa Tanga walikuwa wameshahamia kwenye magitaa, na kweli kina Black Star Musical Club walijipatia jina kwa taarabu ya magitaa. Yeye akapanda treni na udi wake. Bibi alipokuwa hai alikuwa anampigia wimbo mmoja jioni wakitazama ziwa. Sasa vidole vya babu vimekakamaa, na likizo hii ameniita akaniambia, "Mjukuu wangu, nataka niusikie tena kabla sijaondoka. Wewe si unapiga gitaa?"

Mimi kwa kiherehere nikasema wiki mbili tu babu, utausikia.

Wadau, wiki mbili zilipita sijapiga hata mstari mmoja.

Kwanza kuushika. Mgongo wa udi ni wa mviringo, ukiuweka mapajani unateleza kama sato. Pili, kutyuni. Udi wa babu una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake juu. Kila jozi lazima nyuzi zake mbili zikubaliane kabisa, zikipishana kidogo tu unasikia kama watu wawili wanagombana. Na vigingi vyake ni vya mbao tupu, havina meno ya chuma kama vya gitaa, kwa hiyo unakaza huku kile cha kule kinaachia. Tatu, risha. Zamani ilikuwa unyoya wa tai, ya babu ni kipande kirefu alichokata kwenye dumu la plastiki. Inakaa ndani ya kiganja, mkono unakunjwa kwenye kifundo, na siku za mwanzo kifundo kinauma utadhani umetwanga kisamvu.

Hayo yote ni ya mwili tu, ukivumilia yanaisha. Ugumu wenyewe uko kwenye shingo. Shingo la gitaa lina freti, vile vyuma vinavyokatiza. Ukibonyeza nyuma ya chuma, sauti inatoka sahihi hata kama hujui unafanya nini. Ndiyo maana mtu anajifunza kodi tatu (siyo zile za TRA) na wiki inayofuata anaimbisha darasa. Shingo la udi ni jeupe, fupi, halina kitu. Ukisogeza kidole milimita mbili umeshaharibu. Hakuna wa kukuambia uko wapi isipokuwa sikio lako.

Halafu kuna zile sauti za katikati. Kwenye kinanda, kati ya kitufe cheupe na cheusi cha jirani yake hakuna kitu. Kwenye maqamu kama Rasti na Bayati kuna sauti inayokaa pale pale katikati. Mimi nilipakua programu ya kutyunia kwenye simu, nikawa napiga huku naangalia mshale. Nikiipata ile sauti, programu inaniwakia nyekundu, eti hujafika. Nikisogea mpaka iwake kijani, babu anakunja uso. Siku hiyo akaniambia, "Hiyo simu yako imesoma shule nyingine."

Sasa nilinganishe kwa haki. Nanga ya Wahaya na ndugu zetu Wakerewe, kila uzi una sauti yake, huhitaji kuitafuta kwa kidole. Lakini mpiga nanga anasimulia utenzi mrefu wa mashujaa huku anapiga, jaribu uone. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi 8, na mpigaji anaimba huku pete ya kidole gumba cha mguu inagonga mbao na njuga zinalia. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 za kutyuni. Na fidla haina freti kama udi ulivyo, juu yake ina upinde, mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analia kama paka wa Kirumba. Kwa hiyo rumeti wangu, nakuomba radhi. Udi siyo ala ngumu kuliko zote. Kuanza fidla ni kugumu zaidi.

Mimi udi umenishinda kwa sababu ya mahali nilipo. Mtoto wa Unguja anakua anasikia sauti zile. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, na tangu 2002 kuna chuo cha muziki, DCMA, wanafundisha udi, ganuni na fidla. Kidole chake kikikosea, sikio lake linajua. Mimi masikio yangu yamelelewa na kwaya, bongofleva na ngoma za bugobogobo. Naipenda sana ngoma ya kwetu, lakini haikunifundisha sauti ya katikati. Mwalimu wangu huku ni mmoja tu, sikio la babu.

Nilitaka kubandika vipande vya plasta kwenye shingo, viwe freti za wizi. Babu akakataa: "Utapiga plasta, hutapiga udi." Nikaweka nukta ya penseli kimya kimya. Nikawa naipatia Rasti vizuri tu, najiona fundi. Kesho yake akaniambia nihamie Bayati, nikaweka kidole kwenye nukta, akatikisa kichwa. "Umepiga ya jirani." Kumbe ile ya Rasti inakaa juu kidogo kuliko ya Bayati. Nikafuta nukta kwa mate. Nilikumbuka kidato cha pili niliowafundisha BTP, nilivyowawekea nukta kila mahali, andika hivi, kariri hivi, mpaka swali lilipogeuzwa kidogo darasa zima likaniangalia mimi.

Sasa lile lililonifanya nishindwe kuandika. Juzi kabla sijarudi chuo, tumekaa kibarazani Igogo, nafanya mazoezi ya ule wimbo wa bibi. Nilikuwa katikati ya mstari wa pili, na kwa mara ya kwanza naona unakwenda. Babu akaniuliza, "Mbona umeacha kupiga?"

Sikuwa nimeacha.

Nilikaa kimya sijui niseme nini. Yeye akaelewa mwenyewe. Akasogeza kiti, akainama, akaegemeza taya lake kwenye ukingo wa udi, akasema piga. Nikapiga. Akawa anasikia kwa mfupa. "Panda kidogo. Umezidi. Rudi. Hapo." Tukaenda hivyo mpaka mbu wakatufukuza. Wimbo haukuisha.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango. Kila Jumamosi nitapanda hiace ya Nyegezi mpaka Igogo, na sianzi tena na udi. Naanza kwa kurekodi babu akiuimba ule wimbo kwenye simu, mstari kwa mstari, maana sauti yake bado ipo na ndiyo iliyobeba zile sauti za katikati. Nitazisikiliza hosteli mpaka sikio langu lizizoee, kidole kitafuata. Nimeshamwahidi. Safari hii sikutaja wiki ngapi.

Ada yake ni halua ya robo kilo, na bumu bado halijaingia. Mwenye moyo anikopeshe.

Ni hayo tu kwa leo. Alamsiki.