Diski Ileile, Namba Nyingine

Mwaka 2009 nilikuwa fundi kompyuta pale Maili Moja, Kibaha, kwenye fremu ndogo iliyotazama Barabara ya Morogoro. Kasi ya diski tuliipima kwa macho: unanakili filamu moja, unaangalia mstari wa kijani unavyojaa, unatoa hukumu.

Siku moja akaja mwalimu kutoka Kisarawe na diski ya nje yenye picha na mitihani ya miaka mingi. Nikaichomeka, mstari ukajikokota. "Mwalimu, diski hii imechoka, nunua nyingine," nikamwambia. Akaniamini, akanunua. Miezi kadhaa baadaye nikagundua kuwa tundu la USB la kompyuta yangu lilikuwa la kizazi cha kwanza, lisiloweza kupitisha hata megabaiti mbili kwa sekunde. Diski yake ilikuwa nzima. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo kila kipimo nikakiandika daftarini pamoja na mazingira yake. Diski iliyokuwa ikikimbia ikiwa tupu, ilipojaa ilishuka karibu nusu. Kwa kawaida sahani zake huanza kujazwa ukingoni, ambako mzunguko mmoja hubeba data nyingi. Kadiri nafasi inavyopungua, kichwa cha kusomea husogea ndani, kwenye mizunguko mifupi. Filamu moja ilipita upesi, lakini maelfu ya picha za pasipoti zenye uzito uleule yalinikesheza, maana kwa kila faili kichwa kinahama, kisha kinasubiri sahani ikifikie. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 tu kwa sekunde. Na nilipolisoma faili lilelile mara ya pili, namba ilipaa: kompyuta ilikuwa imelihifadhi kwenye RAM, diski haikuguswa kabisa.

Mwaka 2017 nikahamia Kisarawe mjini. SSD zilikuwa zimeingia, hazina sahani wala kichwa, nikadhani daftari limemaliza kazi. Kumbe nyingi za bei nafuu huandika kwa kasi gigabaiti za mwanzo, na sehemu yao ya haraka ikijaa, zinapoa. Nikaongeza kurasa.

Mwalimu yule sijamwona tena. Nawe ukiambiwa diski yako imechoka, mwombe fundi abadilishe waya na tundu, aipime upya mbele yako, kabla hujatoa fedha.