Kutoka Sikukuu ya Kenyatta hadi Siku ya Mashujaa

Tarehe 20 Oktoba imekuwa siku ya mapumziko nchini Kenya tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini kinachokumbukwa siku hiyo kimebadilika kiasi kwamba aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika miaka ya 1970 na mjukuu wake anayesoma leo hawana simulizi moja. Jioni ya tarehe hiyo mwaka 1952, gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, yaani utawala wa amri maalumu ulioiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na kabla hakujapambazuka Jomo Kenyatta na makumi ya viongozi wengine walikuwa wamekwisha kukamatwa. Sita kati yao, yaani Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa mjini Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, kundi lililopigana na utawala wa Waingereza, na mwezi Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa yake, ila hakuachiliwa.

Uhuru ulipopatikana, siku ya kukamatwa kwa wengi ilipewa jina la mmoja, Sikukuu ya Kenyatta. Kizazi kilichokua kikisikiliza Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati huo, kilimfahamu Kenyatta, ambaye sasa alikuwa rais, kuwa ndiye aliyeteseka kwa niaba ya wote, huku wale watano wakitajwa kama wasindikizaji, na wapiganaji wa msituni wakitajwa kwa nadra zaidi, kwa kuwa Mau Mau liliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003. Kenyatta mwenyewe aliwahi, mwaka 1962, kulifananisha na ugonjwa usiopaswa kukumbukwa tena.

Sikukuu hiyo haikuwa na namna ya kuwaeleza Kaggia na Oneko. Kaggia, aliyedai mashamba yaliyoachwa na walowezi wapewe wasio na ardhi bila malipo, alikejeliwa hadharani na Kenyatta kwa kutojitajirisha, kana kwamba umaskini wa kiongozi ni ushahidi wa uzembe; Oneko aliwekwa kizuizini mwaka 1969, safari hii na serikali ya mfungwa mwenzake, akatoka mwaka 1975. Kila Oktoba ya miaka hiyo, taifa liliadhimisha kufungwa kwa Oneko na wakoloni, naye yumo kizuizini.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mnamo Februari 2007 sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni, ilizinduliwa jijini Nairobi, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake, na katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 9, ikaigeuza tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Baadaye sherehe zenyewe zilianza kuhamia kaunti mbalimbali, zikiwemo Kakamega, Mombasa, Kericho na Kwale. Wakapata nafasi watu ambao jina la zamani liliwafungia mlango: Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi, aliyekaa kizuizini miaka 11.

Upanuzi huo ni wa haki, ingawa una wepesi wake, kwa maana ni rahisi zaidi kumsifu aliyeuawa na mkoloni zaidi ya karne moja iliyopita kuliko kulijibu swali la ardhi lililoulizwa na Kaggia, ambaye alifariki mwaka 2005 bila utajiri wowote. Kimathi naye alizikwa na wakoloni katika gereza la Kamiti bila alama yoyote, na familia yake imeomba kwa miaka mingi mabaki yake yatafutwe ili azikwe kwa heshima. Ombi hilo lingepaswa kutimizwa kabla ya hotuba nyingine yoyote ya Oktoba.