Bisibisi Sikioni

Mzee aliyenifundisha kazi pale Gerezani hakuwa na kompyuta ya kupimia magari. Alikuwa na bisibisi moja ndefu, mpini wa mbao uliolainika kwa jasho. Ncha anaigusisha kwenye bloku, mpini anaukandamiza mbele ya tundu la sikio, kisha anafumba macho. Kazi yangu ilikuwa kupiga resi akiinua kidole.

Nilidhani ni mbwembwe za uzeeni, mpaka siku aliponikabidhi mpini. Injini ikahamia kichwani mwangu: injekta zinadonoa kama kuku waliomwagiwa mtama juu ya bati, na chini yake mvumo mzito wa krenki.

Magari ya tabo yalipoanza kumiminika, wateja waliogopa wasichopaswa kuogopa. Impreza za zamani, kwa mfano, zina ule mngurumo wa kudundadunda unaowasisimua vijana. Si ugonjwa. Mabomba ya egzosi hayalingani urefu, basi moshi wa silinda za upande mmoja hauwasili kwa mpangilio sawa na wa upande wa pili. Tabo nayo ina mluzi wake. Mhimili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea ndani ya utando wa oili. Ikiwa nzima, mluzi ni mwembamba na hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Ikianza kulia kama king'ora, au kukwaruza, hapo shika pochi yako.

Kanuni ya Mzee ilikuwa moja: gari lisikilize likiwa limelala. Fika kabla muuzaji hajaliwasha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, jiulize anaficha nini.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoniponza.

Muuguzi mmoja, mwenye mkopo wa SACCOS mkononi, alinipeleka Kigamboni kukagua gari jeupe la tabo. Tulifika saa kumi na mbili alfajiri. Boneti ya baridi kabisa. Dalali akawasha, pistoni zikagongagonga kidogo, zikanyamaza chuma kilipopata joto, kama inavyotokea kwa injini nyingi zilizokula kilomita. Moshi hakuna. Nikachomoa dipstiki: oili safi, inachelewa kudondoka, inaning'inia kama asali. Niliiona. Nikasema hata kwa sauti, "Oili mpya hii." Kisha nikamgeukia: "Dada, chukua."

Wiki tatu baadaye akanipigia simu kutoka Chalinze. "Fundi, kuna mtu anabisha hodi ndani ya injini."

Nilipanda basi. Bisibisi sikuitoa hata mfukoni. Ko-ko-ko ile niliisikia tangu barabarani, na ilizidi kila alipoachia mafuta. Beringi ya koniroda. Nafasi iliyolika ilikuwa imejazwa oili nzito, na oili nzito ikiwa ya baridi hunyamazisha beringi. Ikipata moto inakuwa nyepesi, nafasi inasema. Mimi nilisikiliza asubuhi tu, nikaondoka.

Simu ya dalali haikupatikana tena. Ovaholi tulichangia nusu kwa nusu. Mke wangu hakufurahi, na sikumlaumu.

Sasa nasikiliza mara mbili. Mara ya pili ni baada ya kuliendesha gari mpaka Kibaha na kurudi, kisha tunapita taratibu kando ya ukuta mrefu, vioo vyote chini, ili ukuta unirudishie mlio. Nafikisha mizunguko kama 3,000, naachia mafuta kidogo kidogo. Madalali hawanipendi. "Fundi, unatumalizia petroli," wananung'unika.

Mwaka jana muuguzi yule alirudi na gari jingine la kukagua. Hakunipa usukani. Tulipotoka Kibaha akatafuta mwenyewe ukuta, akazima redio, akashusha vioo, akaachia mafuta. Hakuna aliyesema neno mpaka ukuta ulipoisha.

"Geuza," nikamwambia, "turudie."