Ndege Mwekundu Uani Kwetu



Katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, ambako baadhi yetu tumejaaliwa kuweka maskani, miti huanza kupukutisha majani mwezi wa Oktoba, na ifikapo Januari nyua zote huwa na rangi zile zile: kijivu cha mbingu, hudhurungi ya nyasi zilizokauka na weupe wa theluji. Wengi wa ndege waliotuimbia wakati wa joto huwa wamekwisha kwenda zao kusini. Katika ukiwa huo yuko mmoja asiyehama. Ni mwekundu tangu kishungi hadi ncha ya mkia, na akitua juu ya tawi lenye theluji humwona hata mtu aliye mbali. Wamarekani humwita kardinali. Sisi majumbani mwetu twamwita tu ndege mwekundu.

Tumeona vyema mwezi huu tuandike habari zake, kwa kuwa yu karibu na milango yetu na kumtazama hakuhitaji nauli. Tumewakusudia hasa wazee wetu waliokuja kukaa nasi, ambao baridi huwafungia ndani miezi mingi, wakawa hawana baraza la kukaa wala jirani wa kusemezana naye. Tumewakusudia pia watoto wetu, ambao hujifunza habari za ndege huyu shuleni kwa Kiingereza, na wakirudi nyumbani hawapati wa kuzungumza naye habari hizo kwa Kiswahili.

Urefu wake ni kiasi cha sentimita 22, na uzito wake kiasi cha gramu 45. Dume ni mwekundu mwili mzima. Kichwani ana kishungi anachokisimamisha akishtuka na kukilaza akitulia, na usoni ana kama barakoa nyeusi iliyouzunguka mdomo. Mdomo wenyewe ni mfupi na mnene, wenye rangi ya marijani, nao umeumbwa kwa kuvunja mbegu ngumu. Jike ni wa hudhurungi iliyofifia, mwenye wekundu kidogo kwenye kishungi, mbawa na mkia, mfano wa mtu aliyejitanda mtandio wa kahawia ukachungulia upindo mwekundu. Makinda yakisha kutoka kiotani hufanana na mama yao, ila midomo yao ni ya kijivu cheusi. Kwa alama hiyo ya mdomo mtoto wa miaka sita aweza kumtambua kinda na mama yake bila ya kukosea.

Wale waliokulia Unguja, Pemba au mwambao wa bara watamkumbuka kweche, yule ndege mdogo mwekundu na mweusi wa mashamba ya mpunga na majani marefu. Hawa wawili hawana ujamaa wa karibu, lakini Wazungu waliwapa wote majina ya vyeo vya kanisa. Huyu wa huku waliita kardinali, kwa kuyafananisha manyoya yake na majoho mekundu ya makardinali wa Kanisa Katoliki, na yule wa kwetu wakamwita askofu. Tofauti yao kubwa ni kuwa kweche dume huvaa wekundu kwa msimu wa kuzaa tu, kisha hurudia rangi ya majani makavu kama jike. Kardinali hubadili manyoya mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa majira ya joto, nayo huota mekundu kama ya kwanza. Wekundu huo hutokana na chakula chake, yaani rangi iliyomo katika matunda na vitu vingine alavyo. Katika mwezi wa Agosti au Septemba mwaweza kumwona mmoja aliyenyonyoka kichwa kizima, akabaki na ngozi nyeusi kama tai. Msimhuzunikie, baada ya wiki chache manyoya yake hurudi.

Rangi hiyo na sauti yake nzuri zilimletea balaa. Katika miaka ya 1800 alinaswa kwa maelfu na kuuzwa katika matundu, wengine wakipelekwa hadi Ulaya, kama vile pwani ya kwetu watu walivyozoea kufuga chiriku na kasuku. Tangu sheria ya kuwalinda ndege ya mwaka 1918, ni marufuku katika Marekani kumkamata, kumfuga, au kuchukua mayai na kiota chake. Twalitaja jambo hili makusudi, maana mtoto akiokota kinda chini ya kichaka hutamani kulileta ndani. Aghalabu wazazi wake huwa karibu wakimlisha. Lililo bora ni kumwacha na kumzuia paka asitoke.

Jambo jingine linalotupendeza katika historia yake ni kwamba zamani alikuwa hasa ndege wa majimbo ya kusini. Misitu mikubwa ilipokatwa na mashamba na bustani zikaenea, naye akazidi kupanda kaskazini. Katika karne ya 20 alifika na kuzaliana Ontario, New York na New England, akisaidiwa na vichaka vya bustani na nafaka za watu wanaolisha ndege. Leo ni ndege wa heshima wa majimbo saba: Kentucky, Illinois, Indiana, Ohio, North Carolina, West Virginia na Virginia. Ohio ilimchagua mwaka 1933. Basi huyu anayehesabiwa kuwa mwenyeji wa wenyeji, huko kaskazini ni mgeni wa juzi aliyefika, akakaa, akastahimili baridi hadi akawa wa hapo.

Mwenye kuamka alfajiri atakuwa wa kwanza kuonana naye. Kardinali huwa miongoni mwa ndege wa mwanzo kuja kula kukipambazuka na wa mwisho kuondoka magharibi, giza likianza kuingia. Aliyekwisha kusali Alfajiri akakaa dirishani na kikombe chake cha chai ya tangawizi atamsikia kabla ya kumwona. Sauti yake ya kuitana ni kali na fupi, mfano wa sarafu mbili zinazogongana. Wimbo wake ni mluzi safi unaoteremka, ukafuatiwa na milio ya haraka inayorudiwa rudiwa. Jike naye huimba, jambo ambalo si la kawaida kwa ndege wengi wa hapa. Mara nyingi huimba akiwa amelalia kiotani, na mumewe akimsikia huweza kujua kama aleteiwe chakula au la.

Katika majira ya kuchipua mtaona dume akichagua mbegu, akaimenya, akaenda kumtia mkewe kinywani. Jike ndiye ajengaye kiota, ndani ya kichaka kilichosongamana, na hutaga mayai mawili hadi matano. Huyaatamia siku 11 hadi 13. Makinda yakisha kuruka, mara nyingi baba huendelea kuyalisha huku mama akishughulikia kiota cha pili.

Wakati huo huo huwajia baadhi ya familia jambo la kuwatia wasiwasi: ndege mwekundu hugonga dirisha au kioo cha gari, siku baada ya siku. Wapo wanaouliza kama hiyo ni ishara ya msiba au ya mgeni. Hakuna lolote katika hayo. Anauona uso wake kiooni, akadhani ni dume mwingine aliyeingia katika mipaka yake, akataka kumfukuza. Majike pia hufanya hivyo. Fungeni kioo cha gari kwa mfuko au kitambaa, na dirisha mlizibe kwa karatasi upande wa nje, naye ataacha.

Kumkaribisha si kazi. Nunueni mbegu za alizeti, zile nyeusi zenye mafuta, ambazo huuzwa kwa magunia katika maduka mengi. Kwa kuwa ni mzito kidogo na hupenda kula akiwa amekaa sawasawa, chombo kipana mfano wa sinia chamfaa kuliko kile chembamba chenye vijiti vidogo. Kikiwa karibu na kichaka au msonobari, atapata pa kujificha akimwona mwewe. Kiwekeni ama karibu mno na dirisha, isizidi mita moja, ama mbali nalo kwa mita kumi. Katikati ya hapo ndege akishtuka huweza kuruka kwa kasi akajipiga kiooni, na vifo vya namna hiyo katika Marekani huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni kila mwaka. Kila wiki mbili kisafisheni kwa sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji, mkisuuze na kukikausha, ili wasiambukizane maradhi. Fagieni pia mbegu zinazoanguka chini, zisije zikawaita panya. Wanaokaa nyumba za kupanga na wapate kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Wasio na ua waweza kwenda Blendon Woods, bustani kubwa ya msitu iliyo kaskazini mashariki ya Columbus, wakatembea na watoto kwa utulivu. Na kila Februari, tangu 1998, Chuo Kikuu cha Cornell na shirika la Audubon huendesha hesabu ya ndege wa majumbani kwa siku nne. Mtu hutazama kwa dakika 15 au zaidi, akaandika aina na idadi ya ndege aliowaona. Ni kazi anayoweza kuifanya bibi na mjukuu pamoja: mmoja ana macho makali na anajua kuandika kwa Kiingereza, mwingine ana subira na ana maneno ya Kiswahili ya kishungi, mbawa, ukucha na kiota, ambayo mjukuu hatayapata shuleni.

Limebaki jambo moja. Kila ndege wa kwetu ana jina lake: kweche, mnana, tetere, kwenzi, chozi. Huyu tunayeishi naye mwaka mzima hana jina la Kiswahili ila hilo la kuazima. Tunawaomba wazee wamtazame vizuri msimu huu, kisha watuletee jina wanaloona lamfaa. Tutayachapisha yote katika toleo lijalo, inshallah, na watoto ndio watakaochagua.