Voi: Mji wa Reli Uliomo Masandukuni Mwetu

Wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa na Nairobi huijua Voi kuwa mahali pa kunywa chai. Basi husimama, abiria hujinyoosha, watoto hupelekwa msalani, kisha honi hupigwa na safari ikaendelea. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuteremka hadi stesheni ya zamani na kutazama mahali mji wenyewe ulipoanzia.

Voi iko karibu kilomita 160 kutoka Mombasa. Upande mmoja kimesimama kilima cha Sagalla, upande mwingine nyika ya Tsavo imetandaa mpaka macho yachoke, na magharibi vimejipanga vilima vya Taita. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mapema mwaka 1898 wajenzi walikuwa wameshaipita Voi na kufika Mto Tsavo. Mwaka 1901 reli ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, reli nyingine ilijengwa kwa haraka kutoka Voi kuelekea Taveta ili kupeleka askari na vyakula mpakani. Mwaka 1916 iliunganishwa na reli ya Wajerumani huko Kahe, karibu na Moshi. Hivyo Voi ikawa njia panda. Makaburi ya askari wa vita hivyo yako hapa mpaka leo.

Mambo hayo yamo vitabuni. Hata simba wawili waliokula watu Tsavo mwaka 1898 wanajulikana duniani kote. Ngozi zao zilinunuliwa na makumbusho ya Chicago, Marekani, na huko wamesimamishwa watu wawatazame. Nayo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini kubwa ya mvuke nambari 5918 yenye jina lake, Mount Gelai. Simba wana kumbukumbu na injini ina jina. Lakini mama aliyeamka saa kumi za usiku katika nyumba za reli za Voi ili kumfungia mumewe chakula cha safari, jina lake limeandikwa wapi?

Picha zilizo chini ya kitanda

Sisi ni akina mama wa kikundi kimoja cha kanisa. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine walimu, wengine wana meza zao sokoni. Mara moja kwa mwezi huwatembelea wazee wasioweza kutoka nyumbani. Tunapima presha, tunatazama kama dawa zinamezwa sawasawa, tunafua na kufagia, tunaketi na kuzungumza. Ni katika mazungumzo hayo tulipoanza kuonyeshwa picha.

Kila nyumba ilikuwa na mahali pake. Kwa mmoja zilikuwa katika bati la biskuti, kwa mwingine ndani ya Biblia, kwa wa tatu katika sanduku la mbao chini ya kitanda, pamoja na cheti cha ndoa na kofia ya kazi ya marehemu. Tulimwona kijana wa kutia makaa injinini, uso mweusi kwa masizi na meno yakimetameta. Tuliwaona maharusi nje ya kanisa, bibi harusi akiwa na glavu nyeupe za kuazima. Ilikuwapo picha ya Krismasi ambayo karani Mgoa, fundi Kalasinga na mpiga-kengele wa stesheni wamesimama mstari mmoja na watoto wao mbele. Na zilikuwapo zile za studio za Mombasa, zenye pazia lililochorwa minazi na bahari, mama ameketi kitini, mkono juu ya goti, hacheki.

Msomaji mpendwa, tusizipuuze picha hizo za studio. Hapa Kenya, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, kitambulisho cha serikali kilikuwa cha wanaume. Mwanaume wa reli alikuwa na kipande, alikuwa na nambari ya kazi, jina lake lilikuwa katika daftari la mshahara. Mkewe hakuwa na daftari. Kwa mama wengi wa miaka ile, picha moja ya studio na mstari mmoja katika kitabu cha ndoa au cha ubatizo cha kanisa ndivyo vitu viwili tu vinavyoonyesha kwamba aliishi.

Tena maisha ya reli yalikuwa ya kuhamahama. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha, nyumba ilirudishwa. Leo familia iko Voi, mwakani iko Makindu, baadaye Nakuru. Baba alipostaafu, walifungasha vitu na kurudi kwao, wengine milimani Taita, wengine Ukambani, wengine Nyanza. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya reli hana mji wa kuwaonyesha wanawe na kusema, “Hapa ndipo nilipokulia.” Analo sanduku la picha, basi.

Herufi za ubavuni mwa behewa

Tuligundua kwamba picha isiyo na maandishi huweza kusema umri wake ikitazamwa vizuri. Jambo la kwanza ni herufi zilizopakwa kwenye injini na mabehewa. Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa mwanzoni, ilibadilishwa jina mwaka 1926 ikawa Reli ya Kenya na Uganda. Kwa hiyo ukiona KUR nyuma ya babu, picha hiyo ni ya baada ya mwaka huo. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ya Tanganyika, na mabehewa yakaanza kuandikwa EAR. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, kila nchi ikachukua reli yake, na herufi za kwetu zikawa KR. Mwaka huohuo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Wazee wa njia ya Taveta wanaukumbuka vizuri wakati huo, maana ndugu waliokuwa wakitembeleana kati ya Voi na Moshi walikaa miaka bila kuonana. Kuna picha za wakwe upande wa pili ambazo nyuma yake pameandikwa “mara ya mwisho”.

Jambo la pili ni karatasi yenyewe. Picha nyingi za zamani za rangi nyeusi na nyeupe bado ni safi. Zile za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zinazougua: zimegeuka nyekundu, nyuso zinafifia. Watu hudhani picha ya bibi ndiyo iliyo hatarini, kumbe ya mama yao ndiyo inayokwisha kwanza.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni mzee mwenyewe. Tulimtembelea nyanya mmoja ambaye siku nyingine hawatambui wanawe. Tulipomwekea mapajani picha ya akina mama wa nyumba za reli, alianza kuwataja mmoja mmoja, nani alifiwa na mtoto, nani alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, nani alidaiwa na duka. Majina kumi na mawili. Binti yake aliandika upesi upesi, kalamu ikitetemeka. Miezi mitatu baadaye nyanya huyo aliaga dunia. Kama tungesubiri mpaka baada ya Pasaka, picha ile ingebaki na nyuso kumi na mbili zisizo na wenyewe.

Picha iliyotakiwa kuchomwa

Si kila picha huleta furaha, na ni vizuri tulizungumze hili kama wanawake walioolewa.

Mjane mmoja, ambaye mumewe alikuwa gadi wa treni, alitupa bahasha iliyokunjwa. “Sista,” alimwambia mmoja wetu, “mkifika kwenu itieni jikoni hii.” Ndani alikuwamo mumewe katika sare yake, amesimama kando ya mama tusiyemjua aliyempakata mtoto. Nyuma pameandikwa: Kisumu, 1968. Mjane huyo aliikuta katika karatasi za marehemu siku ya tatu baada ya mazishi, naye aliificha miaka kumi na mmoja bila kumwambia mtu.

Hatukumhubiria. Tulinyamaza naye. Njia ya reli ni ndefu, na mume akilala safarini mke wa nyumbani hajui yote. Kisha bintiye, ambaye alikuwa akichambua mboga mlangoni, alikuja akaitazama picha, akasema polepole, “Mama, huyu mtoto ana paji la uso la kaka.”

Hapo tulisema yale ambayo kazi yetu imetufundisha. Mtoto yule, kama yu hai, leo ni mtu mzima. Ugonjwa wa sukari na presha uliomwondoa baba huyo huwa unatembea katika koo, na wana wa damu moja hufaa kujuana, ili vijana wao wasije wakakutana mjini wakachumbiana bila kujua. Moto utachoma karatasi, lakini hautaubadilisha ukoo.

Mjane alijifuta macho kwa leso. Alilotujibu hatukulitazamia. “Si yule mwanamke anayeniuma,” alisema. “Mimi niliishi naye miaka thelathini na minne, na sina hata picha moja nimesimama naye. Yule anayo.”

Tuliondoka tukiwa na neno hilo. Katika nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, tulikuwa tumeona picha ya sherehe katika nyumba za reli, watu kumi na wanane mbele ya ukuta wa mabati. Tulirudi huko tukaomba ruhusa ya kuinakili. Mwisho wa mstari wa nyuma yuko gadi yule bila kofia, na kando yake, nusu amefichwa na bega la mtu, yuko msichana mwenye kitambaa cha kichwa. Tulipompelekea mjane, aliikodolea macho kwa muda mrefu. “Nilikuwa mwembamba,” alisema, akacheka.

Ile ya Kisumu haikuchomwa. Alimwagiza bintiye aandike nyuma kwa penseli: “Baba, Kisumu, 1968. Mama na mtoto bado hatujui majina yao.” Neno “bado” alilitaka mwenyewe.

Unavyoweza kuanza nyumbani kwako

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mchana mmoja wa Jumapili na mtu mzee wa kuketi naye.

Anza kuandika majina kabla ya kufanya lingine lolote. Tumia penseli laini, uandike nyuma ya picha pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya na kutia doa. Andika ni nani, wapi, mwaka gani, na ni nani aliyekuambia. Kama mwaka haujulikani, andika unachojua: “kabla ya kuzaliwa kitinda mimba”.

Usibandike kwa gundi wala kwa karatasi ya kunata. Zile albamu zenye kurasa za kunata huiharibu picha kadiri miaka inavyokwenda. Bahasha ya karatasi safi kwa kila picha yatosha. Weka bahasha katika bati linalofungika vizuri, mbali na jua, jiko na ukuta wenye unyevu, na bati lenyewe lisikae sakafuni penye mchwa.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiivute. Inakili kwanza ikiwa humo humo. Wala usiioshe picha kwa maji au kuifuta kwa kitambaa kibichi.

Kuinakili kwa simu, ilaze kivulini karibu na dirisha, zima taa ya simu, na uishike simu sambamba na picha ili nyuso zisipinde. Piga mbele, kisha piga na nyuma yenye maandishi. Peleka nakala kwa ndugu wawili au watatu wanaoishi mbali, kwa maana simu huibwa na nyumba huungua. Lakini uliza ruhusa kwa mwenye picha kabla hujaisambaza kwa wengine. Siri za nyumba ya mtu ni amana.

Mwishowe, nenda kwa mzee wa kanisa au katibu uombe kuoneshwa kitabu cha ubatizo na cha ndoa. Mara nyingi tarehe uliyoikosa kwenye picha imo humo.

Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa, Voi ikapata kituo kipya kikubwa, na treni ya abiria ya njia ya zamani ikakoma. Watoto wetu hupanda treni mpya na kufurahi, na ni haki yao. Ila wapo bado akina nyanya wanaojua ni nani alikaa nyumba ipi katika zile za zamani, na taa ya nani ndiyo iliyowaka kwanza alfajiri. Wiki hii, kabla ya kufua au baada ya ibada, litoe lile bati, uchukue penseli, uende ukaketi kando ya mmoja wao.