Sisi Tulio na Mama Wawili

Wahenga husema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea mwana." Tena husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Maneno haya yote mawili ni ya kweli, lakini mtu aliyelelewa na wageni katika nchi ya ugeni huona kwamba yanashindana moyoni mwake siku zote. Twataka kuwaeleza wasomaji jinsi mashindano hayo yalivyokuwa kwetu, maana waalimu wengi hufundisha watoto wa namna yetu, na pengine hawajui yaliyomo mioyoni mwao.

Sisi tu katika wale watoto waliotolewa Vietnam ya Kusini mwezi wa Aprili mwaka 1975, vita ilipokuwa karibu kwisha. Tarehe 3 ya mwezi ule Rais wa Marekani, Gerald Ford, alitangaza kwamba watoto yatima watachukuliwa kwa eropleni kutoka Saigon. Siku ya pili yake eropleni kubwa ya jeshi la Marekani iliruka imejaa watoto na walezi wao. Kitambo kidogo mlango wake wa nyuma uling'oka, nayo ikaanguka katika mashamba ya mpunga karibu na mji. Watu 138 walikufa, na katika hao 78 walikuwa watoto. Walakini safari hazikukoma. Watoto zaidi ya 2,500 walichukuliwa, wengi wakapelekwa Marekani, wengine Kanada, Australia na Ulaya. Tarehe 30 Aprili Saigon ilitekwa, na njia ikafungwa.

Katika hayo hatukumbuki lo lote, kwa kuwa tulikuwa wachanga. Tuliyo nayo ni karatasi moja, na ukanda mdogo tuliofungwa mkononi. Karatasi ile ina jina tulilopewa katika nyumba ya yatima, na siku ya kuzaliwa iliyokisiwa na mtu aliyetutazama meno. Kila mwaka siku ile tulifanyiwa karamu, nasi tulifurahi. Lakini tulipopata akili tulianza kujiuliza kama yuko mwanamke mahali fulani aijuaye siku yenyewe.

Waliotulea walikuwa Wazungu, wakulima wa mji mdogo katikati ya Marekani. Walitupenda. Neno hili twalisema kwanza, mtu asije akadhani kwamba twawashitaki. Tulipofika tulikuwa mifupa mitupu, hata maziwa hayakukaa tumboni, na mama alikesha usiku baada ya usiku akitunywesha kijiko kwa kijiko. Lakini mapenzi hayabadili sura ya mtu. Ndani ya nyumba tulikuwa wana. Tukitoka mlangoni tulikuwa wageni. Dukani walikuwapo watu waliogeuza nyuso zao walipotuona, kwa kuwa sura yetu iliwakumbusha wana wao waliouawa Vietnam. Wengine walitushika kichwa na kusema, "Una bahati wewe, shukuru." Nasi tulishukuru. Lakini shukrani ikidaiwa kila siku hugeuka kuwa deni, na mtoto mwenye deni hawezi kumwuliza mama yake maswali.

Siku moja shuleni mwalimu alitwambia tuandike nasaba zetu. Tuliandika ukoo wa baba aliyetulea, tangu babu wa babu yake, kwa mwandiko mzuri. Tulipokuwa tukisoma mbele ya wenzetu mtoto mmoja alicheka akasema, "Hao si wako, hufanani nao." Mtoto yule hatukumchukia, maana alisema aliyoyaona. Kilichotuumiza ni kwamba mwalimu alinyamaza, akamwita mwingine asome.

Tulipokuwa watu wazima tulianza kusoma habari za safari ile, tukaona mambo ambayo hatukuambiwa. Mwaka ule ule wa 1975 ilifunguliwa daawa mbele ya mahakama ya San Francisco, ikisemwa kwamba wengi katika watoto wale hawakuwa yatima. Mama wengine walikuwa wamewaweka watoto wao katika nyumba za yatima kwa ajili ya njaa, wakitumaini kuwarudia. Wengine waliwatoa ili wasife, wakidhani watawafuata. Baadhi yao walifika Marekani nao ni wakimbizi, wakawatafuta wana wao. Basi tulipoyasoma haya, karatasi yetu iliyoandikwa "yatima" tuliitazama kwa macho mengine.

Tulianza kutafuta kwa siri. Tuliandika barua, na baadaye tulitoa mate yetu yapimwe, maana siku hizi damu ya jamaa waweza kutambuliwa kwa kipimo hicho. Mama hatukumwambia. Tuliona kwamba kumtafuta yule ni kumtukana huyu. Hata siku moja, tulipokuwa tukimsaidia kuosha vyombo, aliuliza, "Umekwisha kumtafuta mama yako?" Tukasema, "La, mama." Akakausha sahani, kisha akasema, "Mtafute. Mimi nimekuwa mzee. Nataka ajue kwamba ulikula ukashiba." Tuliona haya kwa uwongo wetu, tukamweleza yote.

Tulikwenda Saigon, mji uitwao sasa Ho Chi Minh. Sokoni hakuna aliyetukodolea macho, na jambo hilo lilikuwa jipya kwetu. Mwanamke mmoja mwuza matunda alitusemesha maneno mengi kwa uchangamfu; tuliposhindwa kujibu alinyamaza, akatutazama sana. Sura yetu ilikuwa yao, ulimi wetu si wao. Mama hatukumwona, na kipimo hata leo hakijaleta jibu.

Labda msomaji wa Unguja au Tabora atasema, "Mbona kwetu watoto wengi hulelewa na shangazi au bibi zao, wala hawasumbuki?" Ni kweli; lakini mtoto huyo hulijua jina la baba yake, hulijua kaburi la babu yake, na akiuliza habari za mama yake wako wa kumjibu. Sisi hatukuumizwa na kulelewa. Tuliumizwa na kukatwa.

Kwa hiyo twawaomba wote waleao watoto wa wengine mambo matatu. Kwanza, jina alilokuja nalo mtoto msilifute. Pili, kila karatasi yake iwekeni, hata iwe ndogo namna gani. Tatu, mwambieni kweli kabla hajauliza, maana asiyeuliza huenda anawaogopea ninyi uchungu. Nanyi waalimu, mtoto akiambiwa mbele yenu, "Hao si wako," msinyamaze.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Walakini tumejifunza kwamba aliyelea naye aujua. Mama yetu mmoja alitutoa, wala hatujui kwa machozi gani. Mwingine alitupokea, na katika uzee wake ametupa ruhusa ya kumtafuta mwenziwe. Hatuwezi kumchagua mmoja wao, wala hatutaki kuambiwa tuchague.